Fimbo Yenye Alama Kumi na Moja

Hapo zamani, barabara ilipokuwa bado haijaupanda Mlima Ngolwe, watu waliukwea kwa miguu, alfajiri kwenda, jioni kurudi. Mwanamke mmoja, Nanzia, aliukwea mara kumi na moja, na kila aliporudi alichonga alama moja kwenye fimbo yake. Alikwenda na mumewe, Mchome. Binti yao Namsifu alipopata nguvu za kutembea, wakawa wanakwenda watatu. Kabla ya mara ya kumi na mbili, Nanzia aliugua.

Akamwita rafiki yake Nakiete, mkata majani aliyeishi nyumba ya mwisho mlimani, akamkabidhi fimbo.

"Hawa wangu wawili wakipanda," alisema, "mpe yule atakayemfikisha mwenzake kileleni. Huyo ndiye achonge."

Nanzia akafariki, na mwaka ukapita. Si baba wala binti aliyetaja mlima. Kisha asubuhi moja Namsifu, wakati huo ana miaka kumi na mitano, akasema, "Baba, twende?"

Baba akasema, "Twende."

Wakatembea, wakatembea, wakafika mtoni. Gogo la kuvukia lilikuwa limechukuliwa na maji. Namsifu akaketi ukingoni.

"Mimi naishia hapa."

"Maji ya magotini haya?"

"Magotini kwako, Baba."

"Una miaka kumi na mitano!"

"Mto hauulizi miaka."

Mchome akachutama. Akambeba mgongoni msichana aliyelingana naye kwa urefu, miguu yake ikiburuta majini, akamvusha.

Wakatembea, wakatembea, jua likafika utosini. Wakaketi ili wale chakula. Mchome akatoa kibuyu cha maji. Namsifu akatoa chumvi. Wakatazamana. Miaka yote baba alibeba maji, binti alibeba chumvi, na chakula alibeba Nanzia. Siku hiyo kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wake kama kawaida.

"Turudi," akasema Mchome.

"Turudi," akasema Namsifu.

Walikuwa wamekwisha kugeuka walipokutana na Nakiete, tita la majani kichwani.

"Shemeji! Mmepanda mlima na chumvi?"

"Na maji," akasema Mchome.

"Basi mlikuwa mnakwenda kusukutua. Njooni kwangu!"

Akawapa viazi vitamu vya kuchoma, vya moto, na chumvi yao ikapata kazi. Walipokula wakashiba, hakuna aliyesema tena habari ya kurudi.

Wakatembea, wakatembea, ukungu ukashuka. Mchome akaketi juu ya jiwe.

"Magoti yamegoma. Nenda wewe, nitakusubiri hapa."

Namsifu akatazama juu. Hakuona kitu.

"Kona moja tu, Baba."

Hivyo ndivyo Nanzia alivyokuwa akisema, mwaka hata mwaka, na haikuwahi kuwa moja. Mchome akainuka. Wakapita kona.

"Kilele kiko wapi?"

"Kona moja tu."

Wakapita ya pili. "Kiko wapi?"

"Kona moja tu."

Kona zilikuwa saba. Baada ya kona ya saba ardhi iliisha, ukabaki upepo. Wakakaa pale kileleni, bega kwa bega.

"Nilijua unadanganya tangu kona ya kwanza," akasema Mchome.

"Sasa mbona ulitembea?"

Mchome akampa maji anywe.

Jioni, Nakiete alikuwa mlangoni kwake, fimbo mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Akawaeleza wosia. Wote wawili wakanyoosha mikono.

"Nipe mimi, shemeji," akasema Mchome. "Bila mgongo wangu, huyu angekuwa bado ameketi mtoni anahesabu samaki. Na zile kona, mimi sikudanganyika hata moja. Nilijipandisha mwenyewe."

"Mama mdogo, usimsikilize!" akasema Namsifu. "Mto ulikuwa mmoja, kona zilikuwa saba. Na tangu anitue, nimetembea kwa miguu yangu. Yeye ndiye aliyeketi juu ya jiwe akanikabidhi mlima peke yangu."

Nakiete akacheka mpaka fimbo ikatikisika.

"Na viazi vyangu je? Niliwakuta mmeupa mlima kisogo, wote wawili. Nyie mmefikishana mmoja mmoja. Mimi nimewafikisha jozi!"

Wakacheka wote watatu. Kisha Nakiete akauliza, "Hiyo 'kona moja tu', Namsifu, uliitoa wapi?"

Mchome akatazama fimbo. Chini ya alama ya kumi na moja palikuwa na nafasi tupu, upana wa kidole.

Jua lilikuwa linazama, na safari ya kwenda nyumbani ilikuwa bado. Lakini Nakiete alisimama tu mlangoni, kisu mkononi, akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

Haya, ninyi mlionisikiliza mpaka hapa: mngekuwa ninyi Nakiete, kisu mngempa nani?