Jina la Mtoto wa Siwema

Hapo zamani, wajukuu zangu, si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, dunia nzima ilipofungwa mdomo kwa barakoa, palikuwa na mwanamke gerezani, jina lake Siwema. Alikuwa mjamzito, na alikuwa anapigana kuuacha unga. Unga wa kujidunga, si wa ugali, msinichekee!

Kila asubuhi gari la gereza lilimpeleka hospitali, yeye na mfungwa mwenziwe Mwanaidi. Huko walinyweshwa dawa kwa kikombe kidogo, dawa ya kuzima kiu ya unga. Na desturi ya dawa ile ni hii: ukishameza, useme neno, ijulikane hukuificha kinywani. Siwema akimeza husema, "Bado tupo." Yeye na tumbo lake.

Korona ikaingia mjini. Mkuu wa gereza akafunga lango. "Wa ndani hatoki, wa nje haingii!"

Kikombe kikakosekana. Arosto ikawakamata wote wawili: mifupa inauma, jasho la baridi, tumbo linakatika. Na arosto ikimkamata mwenye mimba, mtoto aweza kutoka kabla ya wakati. Siwema akalia, "Jamani, nampoteza mwanangu!"

Habari zikafika hospitali, na wa kwanza kusikia ni Fausta, muuguzi aliyekuwa akiwanywesha kile kikombe. Akaja langoni na chupa yake.

"Wa nje haingii, sista!" akafoka Mkuu.

"Basi nihesabuni wa ndani. Nikiingia sitoki mpaka mfungue wenyewe."

Akaacha mume, akaacha na mwanawe aliyekuwa ndio kwanza anasimama dede.

Mkuu akakubali mtu, akakataa chupa. "Dawa kali kama hiyo gerezani kwangu? Ikipotea nani atajibu?"

Ndipo akainuka wa pili, askari Nyamizi, ambaye kwa ukali wake wafungwa walimwita Pilipili. Akavua kofia, akaiweka mezani.

"Likipotea hata tone, afande, kofia ibaki hapa, na mimi mnifungie na hao."

"Nyamizi, una watoto wa kusomesha wewe."

"Ndiyo, afande. Ndiyo maana najua mtoto ni nini."

Lango likafunguliwa, chupa ikaingia. "Bado tupo," akasema Siwema.

Lakini njia nazo zikafungwa, dawa nyingine ikachelewa. Asubuhi moja Fausta akatikisa chupa: imebaki ya siku chache, tena ya mtu mmoja tu. Na wa mbele kwenye foleni ni Mwanaidi.

"Mpe mwenye tumbo," akasema Mwanaidi.

"Utaumia, dada."

"Arosto naijua, tumekula sahani moja."

Akajikunja ndani ya blanketi, akaling'ata kwa meno ili Siwema asimsikie akilia. Hivyo hivyo, mpaka dawa ikafika.

Siku zikatimia. Siwema akajifungua mtoto wa kike. Kimya. Mara mtoto akapiga ukelele, mabati yakatetemeka!

"Kasema neno!" akaruka Nyamizi. "Kasema, nimemsikia!"

Gereza zima likalipuka vigelegele. Hata Mkuu alipiga chake chini ya barakoa, akadhani hakujulikana. Fausta akamkagua mtoto, akamkagua tena: mzima!

Siku ya jina ikafika.

"Aitwe Fausta," akasema muuguzi. "Wangu kajifunza kuniita mama kwenye simu."

"Aitwe Nyamizi! Chupa yako ingebaki nje ikipigwa jua. Mimi nusura nifukuzwe kazi."

"Kwani ulifukuzwa?" Mwanaidi akacheka. "Kofia si hiyo hapo kichwani? Nyinyi mlitoa roho nzuri, mimi nilitoa mwili. Aitwe Mwanaidi."

"Mwanaidi! Mtoto kazaliwa Jumanne, Idi iko wapi?"

"Idi ndiyo hii, Pilipili we!"

Wakacheka mpaka mtoto akaamka. Siwema akampakata, akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka na meno yote nje. Bila Fausta, dawa isingekuja. Bila Nyamizi, isingeingia. Bila Mwanaidi, isingetosha. Na jina la mtoto ni moja.

Akamnong'oneza bintiye, "Bado tupo, mwanangu." Kisha akafungua kinywa kutamka jina.

Haya, msinitazame mimi, mtoto anangoja. Je, jina hilo nani alilistahili?