Bwana Kiboko Aonja Mchicha wa Bi Sange

Paukwa!
— Pakawa!
Mko wangapi?
— Sote tuliopo!
Aliyelala?
— Mwamsheni!
Aliyeshiba?
— Atupishe!

Haya, zamani hizo wanyama walikuwa na mashamba yao, sisi hatujayachukua bado. Kando ya mto palikuwa na bonde, na bondeni alikaa Bi Sange. Mnamjua sange? Si panya. Msimwite panya, atanuna mwezi mzima. Ni mnyama mdogo wa kuenea kwenye kikombe, pua ndefu, miguu myembamba, mbio usiseme. Alikuwa na watoto wanne na matuta matano ya bamia na mchicha. Hicho ndicho chakula chao cha kiangazi kizima, hawana kingine.

Mtoni alikaa Bwana Kiboko, mkubwa wa bonde. Nani alimchagua? Tumbo lake.

Bonde lile lilikuwa na desturi ya malimbuko. Mazao mapya hayaliwi mpaka mkubwa ayaonje kwanza, mbele ya watu wote. Akimeza, ameyapokea, na ataendelea kuonja mpaka yeye mkubwa aseme basi. Akitema, ameyakataa, na hana haki nayo tena mpaka mwaka mwingine. Desturi nzuri sana. Ila Bwana Kiboko hakuwahi kutema kitu tangu azaliwe, na neno "basi" hakufundishwa kwao. Mwaka uliopita alionja matuta yote matano, nyam, nyam, nyam, halafu akauliza kama kuna kachumbari. Watoto wa Bi Sange walitafuna mizizi mpaka mvua zikarudi.

Mwaka huu, zikiwa zimebaki siku saba, Bwana Kiboko akaja kukagua. Puu! Puu! Puu! Akainamisha mdomo kunusa bamia. Masikini, bamia zilikuwa zimejaa sisimizi, wanapanda, wanashuka, wanapishana. Wakamwingia puani. Wakamng'ata.

"Chyaaa!" Bwana Kiboko akapiga chafya, tuta zima likalala chini.

"Wewe Sange! Hii nini?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni sisimizi."

"Ndio ulioniandalia mimi?"

"Hata, Bwana Mkubwa. Wamejialika wenyewe. Siku hizi wengi wanakula wasipolima."

Bwana Kiboko hakuelewa. Wakubwa wana mengi ya kufikiria.

"Sikiliza vizuri," akasema. "Siku ya malimbuko nikikuta sisimizi mmoja, mmoja tu, shamba hili langu. Wewe na hivyo vitoto vyako mtahama."

Moyo wa Bi Sange ukafanya paa! Ahamie wapi, na kiangazi ndicho hicho kinakuja? Akaogopa. Kisha akakasirika, maana alipoogopa watu walikuwa wanamtazama: jirani yake Kanga juu ya ua, na Mzee Kobe, mtunza desturi za bonde, chini ya ua. Akautazama ule mdomo wa Bwana Kiboko, mpana kama mlango wa banda. Akautazama tena. Halafu akapiga magoti.

"Bwana Mkubwa, sisi wadogo hatuna elimu. Tufundishe. Majivu nitie?"

"Tia!"

"Kidogo au mengi?"

"Mengi!"

"Pilipili kichaa niitwange, ninyunyize?"

"Nyunyiza!"

"Kidogo au nyingi?"

"Nyingi!"

"Mwarobaini niuchemshe, maji yake nimwagie?"

"Mwagia!"

"Kidogo au…"

"Mengi! Mbona unauliza kama mtoto? Kila dawa unayoijua, tia yote! Tena tia kwenye majani yote!"

"Ahsante, Bwana Mkubwa. Mzee Kobe, umesikia?"

"Ni… me… sikia," akasema Mzee Kobe. Alipomaliza, Bwana Kiboko alishafika mtoni.

Kesho yake asubuhi Bi Sange akageuza majani ya bamia. Chini yake akawakuta vidukari, wadudu wadogo wa kijani, wametulia wananyonya utomvu na kudondosha majimaji matamu. Kumbe sisimizi walifuata utamu huo. Bamia yenyewe hawakuwa na habari nayo. Bi Sange na watoto wakachukua maji ya sabuni, wakaosha jani moja moja, juu na chini. Siku ya kwanza wakaosha. Siku ya pili wakaosha. Siku ya tatu vidukari wamekwisha, na sisimizi wamefunga safari bila kuaga. Kazi kama hiyo haina sifa, maana inataka mtu ainame.

Kanga akaruka juu ya ua. "Ke-ke-ke! Wameondoka! Umepona, shoga yangu! Sasa majivu ya nini tena?"

"Sisimizi wameondoka," akasema Bi Sange. "Amebaki mmoja, yule mwenye mdomo mpana."

Akashika mchi. Tu! Tu! Tu! Pilipili ikatwangwa. Bwata, bwata, mwarobaini ukachemka. Watoto wakapiga chafya siku nzima, na majivu yakamwagwa mpaka matuta yakawa meupe. Bwana Mkubwa ameagiza. Bi Sange ni nani hata amwasi?

Siku ya malimbuko ikafika. Watu wakajaa. Bwana Kiboko alikuwa hajala tangu jana yake, ili kuacha nafasi. Akakagua tuta la kwanza: hamna sisimizi. La pili: hamna. La tatu, la nne, la tano: hamna. Akasikitika kidogo, shamba alishalipenda.

"Haya, naonja," akasema.

Bwana Kiboko hakuwa mtu wa kuangalia rangi ya chakula. Akafumbua mdomo, akabeba tuta zima la mchicha. Ngwap!

Akatafuna mara moja. Majivu. Akatafuna mara ya pili. Mwarobaini. Akatafuna mara ya tatu.

Pilipili.

Masikio yakasimama. Machozi yakaanza kumtoka, moja, mbili, halafu hayakuhesabika.

"Bwana Mkubwa, kuna upungufu?" akauliza Bi Sange kwa adabu.

"Mm-mm."

"Niongeze pilipili?"

"Mm-mm!"

Mdomo ameufunga, mashavu yamevimba. Atameza? Bi Sange alitabasamu, lakini macho yake hayakubanduka kwenye koo lile. Akimeza, matuta yote yamekwenda. Koo la Bwana Kiboko likapanda. Likashuka. Likapanda. Watoto wanne wakashikana mikia.

"PFUUUU!"

Mchicha ukaruka mpaka juu ya ua, ukamkuta Kanga.

"Sumu!" Bwana Kiboko akalia, ulimi nje. "Sange ametia sumu! Nani alimwambia atie vitu hivi?"

"We… we," akasema Mzee Kobe. "Ulisema tia yote. Na sasa mkubwa… ame… tema."

Bwana Kiboko hakusubiri lililobaki. Puu puu puu puu, chubwi! Alikaa mtoni siku tatu, mdomo wazi, maji yakiingia huku yakitokea kule.

Bi Sange akachuma, akaosha kwa maji matatu, akapika. Watoto wakala mpaka matumbo yakawa ngoma.

"Mama, bado inawasha kidogo," akasema wa mwisho.

"Kula," akasema Bi Sange, na akacheka mpaka akakaa chini.

Na Bwana Kiboko? Mpaka leo ukipita mtoni utamsikia akiwasimulia wageni: "Ile dawa ya sisimizi mnayoisikia, niliigundua mimi. Sange nilimfundisha mwenyewe."

Basi watoto, funzo ni hili: watiini wakubwa, maana wao ndio wenye akili. Mdogo asifikiri, atachoka bure.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyecheka, kicheko ni chake. Aliyesinzia, namwachia mkeka akunje.