Vijiti vya Mzee Guo

Mtu akiona chombo kimetulia juu ya maji huvutiwa na uzuri wake, akalisahau shoka lililochonga mbao na jasho la aliyelishika shoka hilo. Ndiyo maana wahenga wakatuonya kwamba tusione vyaelea, vimeundwa. Truphena Mugeni aliisikia methali hiyo tangu alipokuwa shuleni Nangina, akaiandikia hata insha. Maana yake hasa ilimfikia akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, akiwa ameketi mezani mbele ya bakuli la wali.

Truphena alikuwa fundi wa vyuma katika daraja jipya lililokuwa likijengwa na wahandisi wa Kichina juu ya mto Sio, si mbali na mji wa Busia. Kazi yake ilikuwa kufunga nondo kwa waya kabla ya zege kumwagwa, na kwa kazi hiyo alitia fora. Koleo likiwa mkononi mwake, macho hayakuweza kuufuata mzunguko wa waya. Kwa hiyo siku alipoteuliwa kuwa nyapara wa mafundi kumi na wanne, wote wanaume, hakuna aliyenung'unika. Hata Collins, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, alimpa mkono na kumwambia, "Mama, sasa sisi ni wako."

Cheo hicho kilikuja na kiti. Manyapara walikula chakula cha mchana pamoja na wahandisi kwenye meza moja ndefu, na michoro ya daraja ilitandazwa katikati ya mabakuli. Mabadiliko yote ya kazi yalitangazwa pale. Wote waliokaa pale walikula kwa vijiti.

Siku ya kwanza, Truphena alivishika vijiti vyake kama mtu anayeshika mkasi. Kipande cha nyama kilichojaa mafuta kilimponyoka, kikabingirika juu ya mchoro na kuacha alama, kisha kikasimama mbele ya Mzee Guo, mhandisi mkuu, mtu wa miaka sitini na kitu aliyezungumza kwa nadra. Mzee Guo hakukitazama kipande cha nyama. Aliutazama mkono wa Truphena, akautazama kwa muda mrefu. Punde mpishi akaja na kijiko, akakiweka taratibu kando ya bakuli la Truphena bila ya kuombwa. Afadhali mpishi angemzaba kofi kuliko kumletea kijiko kile.

"Mzee hakusema kitu," alimfariji Aguti walipotoka. Aguti alikuwa mkalimani, msichana wa Malaba aliyesomea China miaka minne, na vijiti mkononi mwake vilicheza kama sindano za mfumaji.

"Angesema ningejua," Truphena akamjibu. "Huyo ananipima kimya kimya."

Jioni ile aliomba vijiti jikoni akaenda navyo nyumbani, Mundika, alikopanga chumba. Mama yake, Zilpa, alikuwa amemtembelea. Truphena akapika maharagwe, akayamimina katika sahani na kuanza kuyawinda. Yalimkimbia kama panzi.

"Mwanangu," Mama Zilpa akasema baada ya kumtazama vya kutosha, "Mungu amekupa vidole vitano, na maji ya kunawa yapo."

"Nikila kwa mkono pale, mama, wataniona mshamba."

"Nani amesema?"

Truphena akafungua kinywa kutaja jina, akakosa jina la kutaja. Hata hivyo, kesho yake mezani haragwe lilimshinda, na macho ya Mzee Guo yakawa pale pale mkononi mwake. Siku ya tatu akasema tumbo linamsumbua. Siku ya nne hakutoa hata kisingizio. Alikaa karibu na stoo na mafundi wake, akala ugali na omena, moyo wake ukatulia.

Utulivu huo haukudumu. Alhamisi, mezani, wahandisi walitangaza kwamba nondo za sakafu ya daraja zisogezwe karibu zaidi, kwani malori yatakayopita yangekuwa mazito kuliko ilivyotarajiwa. Aguti alikuwa ametumwa Malaba kufuatilia karatasi za mizigo, na kila aliyekuwapo alidhani kwamba nyapara wa vyuma ameambiwa na mwingine. Mafundi wa Truphena wakafunga nondo siku mbili nzima kwa mchoro wa zamani. Jumamosi asubuhi mkaguzi akapita na futi yake, akapima mara moja, akapima tena, kisha akatikisa kichwa. Kazi yote ilipaswa kufunguliwa.

Collins aliitazama sakafu ile iliyojaa mafundo, halafu akamgeukia nyapara wake. Hakupaza sauti. "Mama, hili jambo lilisemwa wapi?"

"Mezani."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa," Truphena akasema. "Nikila na nyinyi."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. Mchana ule akaitwa na Mzee Guo. Alikwenda akiwa amekwisha kuivua kofia yake ya kazi, ameibana kwapani tayari kuirudisha. Alimkuta mzee peke yake kwenye ile meza ndefu, Aguti kando yake. Wengine walikuwa wamekwisha kula na kuondoka.

"Mzee anauliza kwa nini uliikimbia meza," Aguti akasema.

Truphena akapiga moyo konde. "Mwambie niliona haya. Kila nikishika vijiti ananitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. Mwambie kwao ni rahisi, wamezaliwa navyo. Mimi nimezaliwa Nangina."

Aguti akatafsiri. Mzee Guo alisikiliza hadi mwisho. Akauinua mkono wake wa kulia kutoka mapajani, akavua glavu ambayo Truphena hakuwahi kuitilia maanani, maana kila mtu pale kazini alivaa glavu. Vidole vitatu vya glavu vilikuwa vimejazwa matambara. Katika mkono ule kilibaki kidole gumba na kidole cha mwisho tu. Kati yavyo palikuwa na kovu jeupe, laini kama nta.

Mzee akazungumza kwa utaratibu, na Aguti akamfuata nyuma.

"Anasema alikuwa na miaka ishirini na sita. Walikuwa wakijenga daraja milimani, kamba ya chuma ikakatika. Alipotoka hospitali alikuwa hawezi kula. Ilibidi aanze upya, kwa mkono wa kushoto. Katika nchi ya watu wanaokula kwa vijiti tangu utotoni, yeye chakula kilimwangukia kifuani kama mtoto mchanga. Kipupwe kizima alikula amesimama nyuma ya jiko, uso ukutani, asionekane na mtu."

Mzee alipoendelea, sauti ya mkalimani ilishuka.

"Anasema mke wake alimfuata huko nyuma ya jiko. Alileta mabakuli mawili ya maharagwe makavu, akavihamishia vijiti vyake katika mkono wake wa kushoto, naye akaanza kujifunza upya, ili mumewe asijifunze peke yake. Mikono yake mama huyo ni mizima yote miwili. Mpaka leo anakula kwa kushoto."

Kofia ikamponyoka Truphena kwapani, asiiokote.

"Na anasema hakukuhukumu. Unavyovishika ndivyo alivyovishika yeye mwaka ule. Alipokutazama alijiona mwenyewe, akakosa la kusema."

Mzee Guo akavuta bakuli la wali. Akavishika vijiti kwa mkono wa kushoto, na sasa Truphena akaona asichokuwa amekiona. Kijiti cha chini hakikusogea hata kidogo. Kilikuwa kimelazwa kwenye pindo la kidole gumba. Cha juu peke yake ndicho kilichokwenda na kurudi. Mzee akainua punje moja ya wali, moja tu, akaishikilia hewani kati yao. Truphena alikuwa ameshuhudia mashine ikinyanyua boriti ndefu kama kanisa, akapiga makofi pamoja na wenzake. Mbele ya punje ile hakuweza kupiga makofi. Alisimama tu, kama mtu aliye ibadani.

"Kimoja hulala, kimoja hufanya kazi," Aguti akatafsiri. "Anasema hivyo tu. Mengine ni mazoezi ya mwaka."

Jumatatu walianza kufungua mafundo. Asubuhi ile Mzee Guo aliteremka kwenye nondo, akachuchumaa kando ya Truphena, akaomba koleo na waya. Fundo lake la kwanza lilifunguka, la pili vilevile. Mafundi wakaacha kazi wakatazama. Truphena akamwonyesha tena, polepole, na mzee akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe, kujifunza, siku ngapi?" Truphena akamwonyesha vidole vitatu. "Miaka," akasema. Hakuwa amewahi kumsimulia mtu jinsi waya zilivyomchana viganja hadi akashindwa kushika kikombe.

Hakuikimbia meza tena. Maharagwe yalimponyoka mwezi mzima, naye akayaokota.

Siku daraja lilipofunguliwa, watu walifurika kutoka Busia hadi Matayos. Malori yenye makontena yalipita moja baada ya jingine, na sakafu haikutikisika. Mchuuzi mmoja wa nyanya aliyesimama kando ya Truphena, asiyemjua, alitua beseni lake chini akashika kiuno.

"Tazama lilivyotulia," akasema. "Kwa Wachina hawa, dada, kazi kama hii ni mchezo tu. Wamezaliwa nayo."

Truphena akaitazama sakafu ile ya zege ambamo nondo alizozifunga mara mbili zilikuwa zimefichika, hazitaonekana na mtu tena milele. Ng'ambo aliona Mzee Guo amesimama peke yake, mikono nyuma.

"Dada yangu," akamwambia, "usione vyaelea, vimeundwa."