Mama Nguchiro na Pombe ya Asubuhi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakilima mtama na kuwekeana sheria kama sisi, palikuwa na kijiji kando ya mto. Kiongozi wake alikuwa Mzee Ndovu. Mlinzi wa mto alikuwa Kifaru. Na mpishi wa pombe, hodari kuliko wote, alikuwa kiumbe mdogo aliyeishi kwenye kichuguu, jina lake Mama Nguchiro.

Kijiji kile kilikuwa na sheria moja iliyoshikwa sana. Pombe haiuzwi mpaka jua lipite utosini. Sababu yake nawaambia bila kuficha. Asubuhi ndipo watoto walipokwenda mtoni kunywa maji, na mtoni alikuwemo Mamba. Mwaka mmoja Kifaru alikunywa harusini tangu alfajiri, akasinzia akiwa zamu. Chubwi! Mtoto wa kwanza wa Mama Nguchiro hakurudi nyumbani. Sheria iliwekwa siku ya matanga yake.

Sasa, kila mwaka walikuja wageni kutoka kaskazini, korongo, makundi kwa makundi. Waliwala nzige wote, na kijiji kikavuna. Lakini mwaka mmoja walikuja wachache tu. Wengine walishukia kijiji kingine, ng'ambo ya kilima. Nzige wakala nusu ya mtama, na watu wakalala njaa.

Wazee wakakutana. Fisi, mwenye kilabu cha pombe, akasimama na kujikohoza.

"Mzee Ndovu, mgeni anafika asubuhi na kiu yake, anakuta kilabu kimefungwa. Anakaa anatazamana na mlango. Mwaka wa pili arudi kufanya nini? Tufungue tangu alfajiri."

"Wageni wenyewe wamesema hivyo?" aliuliza Mama Nguchiro.

"Hilo haliulizwi, Mama. Linajulikana."

Fisi alijua mambo mengi ya namna hiyo, hasa yale yaliyomnufaisha.

"Na watoto wetu mtoni?"

Kifaru aliinamisha pembe yake. "Siku hizi mimi sinywi kazini, Mama."

"Hunywi kwa sababu kilabu kimefungwa, baba."

Mzee Ndovu aliinua mkonga, wote wakanyamaza. "Mama Nguchiro, msiba wako tunaujua. Lakini njaa nayo inaua watoto. Wageni wakifika, kilabu kitafunguliwa alfajiri. Nimekwisha sema."

Msidhani Ndovu alikuwa mbaya. Aliogopa njaa, na Fisi aliijua hofu hiyo.

Mama Nguchiro alirudi kichuguuni, akalia. Alikuwa amebakiwa na watoto wawili, na wote wawili walikunywa maji mtoni kila asubuhi. Alipomaliza kulia, alikaa akafikiri. Kesho yake alikwenda kwa Ndovu.

"Mzee, nimekubali. Pombe ya wageni nitapika mimi. Nina ombi moja tu. Desturi yetu ya kuonja isivunjwe."

Desturi yenyewe ilikuwa hivi: mgeni hapewi kibuyu cha pombe mpaka mwenyeji apige funda mbele yake, ili aone hakina sumu.

"Isivunjwe kabisa," alisema Ndovu. "Nitaonja mwenyewe. Mwenyeji ni mimi."

"Kibuyu cha kila mgeni?"

"Cha kila mgeni. Hatutaki kudharauliwa."

Basi Mama Nguchiro akapika. Aliiacha pombe ichachuke siku mbili zaidi ya kawaida, akaitia asali ili mnywaji asishtuke. Kisha akaenda kwa mke wa Ndovu, akamkuta anasaga mtama. Walizungumza kwa muda mrefu, mama kwa mama. Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba akisema, "Wageni wakifika, asubuhi ile watoto wasitoke ndani. Tafadhali sana."

Wageni wakafika jua likichomoza, midomo ikigongana, kata-kata-kata. Wakapangwa mstari mrefu uwanjani, kila mmoja na kibuyu mbele yake. Mkubwa wao, Korongo Mzee, akasogea.

"Mzee Ndovu, tunashukuru kwa mapokezi. Ila sisi—"

"Subiri, mgeni wangu," alisema Ndovu. "Kwetu mgeni hasemi kabla mwenyeji hajaonja."

Akashika kibuyu cha kwanza. Gu, gu. Cha pili. Gu, gu, gu. Na funda la ndovu si funda la kuku, wanangu. Alipofika katikati ya mstari masikio yalikuwa yamelegea, na mkonga ukawa unatafuta kibuyu pasipo na kibuyu.

"Niitieni Kifaru anisaidie."

"Kifaru yuko zamu mtoni, Mzee," alisema Mama Nguchiro, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Aje. Ni mara moja tu."

Kifaru akaja. Alitazama nyuma mtoni mara moja, kisha akashika kibuyu. Gu, gu, gu. Fisi naye akasaidia bila kuitwa. Mstari haujaisha, Ndovu alikwenda chini, puu! Kifaru akafuata, puu! Fisi alijikunja mlangoni pa kilabu chake na kuanza kukoroma.

Korongo Mzee aliwatazama kwa huzuni. "Mama, mwenyeji wetu hakunipa nafasi ya kusema. Sisi hatunywi pombe. Tuna safari ndefu angani."

"Basi mwaka jana mlihama kwa nini?"

"Viboko walikanyaga lile bwawa tunalotafutia vyura, likawa tope tupu. Tulitaka maji safi tu. Hakuna aliyetuuliza."

Wakaondoka kwenda mashambani kuwatafuta nzige.

Ndovu alipoamka jua lilikuwa limepanda sana. Kichwa kilimgonga. Kijiji kilikuwa kimya, hakuna sauti ya mtoto hata mmoja.

"Mwanangu yuko wapi?" alimuuliza mkewe alipojikokota hadi nyumbani.

Mkewe hakuinua macho kwenye jiwe la kusagia. "Asubuhi watoto huenda mtoni. Si kuna mlinzi?"

Ndovu alikimbia, ardhi ikitetemeka. Ukingoni aliona nyayo ndogo za mwanawe kwenye tope. Zilielekea majini. Hapo penye maji palikuwa na ushanga wa shingoni ambao mtoto alivalishwa na bibi yake. Katikati ya mto macho mawili ya Mamba yalikuwa juu ya maji, yametulia.

Ndovu alipiga magoti. Kwanza alipiga kelele moja iliyofika mashambani, kisha akabaki analia. Kifaru alikuja akipepesuka, akauona ushanga, akaketi topeni.

Mama Nguchiro alikuja akakaa kando yao.

"Mzee, hapo ulipopiga magoti ndipo nilipopiga mimi."

"Nimemuua mwanangu," alisema Ndovu. "Nilimwita mlinzi mwenyewe. Kwa mdomo wangu."

Mama Nguchiro hakutaka kumwacha hivyo. Maumivu yale aliyajua, hakupenda kuyatazama kwa mwingine. Akapiga mluzi. Kichaka kilichokuwa nyuma yao kikatikisika, akatoka mtoto wa ndovu, mzima, na mgongoni kwake wamekaa watoto wawili wa nguchiro wakicheka.

Ndovu alimkumbatia mwanawe kwa mkonga, akamkagua kichwa hadi miguu.

"Umenidanganya, Mama."

"Nimekudanganya, Mzee. Mkeo ndiye aliyenipa mtoto na ushanga, na nyayo zile alizikanyaga nikiwa naye. Nilikuomba kwa maneno, hukunisikia. Ukitaka kuniadhibu, niko hapa."

Ndovu alitikisa kichwa. "Sheria irudi leo leo. Na kesho viboko watoke kwenye lile bwawa."

Fisi, ambaye ndiyo kwanza alifika akijishika kichwa, aliuliza, "Na wageni je, Mzee?"

"Wageni waulizwe," alisema Ndovu. Kisha akamgeukia Mama Nguchiro. "Ahsante. Mwanangu amerudi."

"Ndiyo, Mzee. Wako amerudi."

Aliwashusha watoto wake wawili, akawashika mikono, wakaenda zao kichuguuni.

Nami naishia hapo, wanangu, na neno la kushika ni hili: sheria inayolinda watoto isilegezwe kwa ajili ya mgeni ambaye hata hakuulizwa anataka nini.