Mstari Juu ya Mlango wa Kenge

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na bwawa, na bwawa likawa na mwenyewe!

Haya, sogeeni, aliye nyuma asikie.

Zamani, zamani sana, wanyama walijenga ukuta wakauzuia mto. Nyuma ya ukuta maji yakajaa, likawa bwawa. Lango la ukuta akapewa Kiboko. Mashamba ya bondeni yakiona kiu, Kiboko hufungua lango, bwawa likashuka. Mvua ikija, Kiboko hufunga lango, bwawa likapanda. Kila mkazi wa kando ya maji alilijua hilo.

Nungunungu hakulijua. Yeye alikaa mlimani, katika shimo la vyumba saba alilochimba babu yake. Shimo lilikuwa kavu, lilikuwa imara, ila maji yalikuwa mbali. Mkewe alikuwa mjamzito, na kila siku alishuka kuchota, akapanda akihema.

Siku moja akaja Kenge, akaimba:

*Ukiamka, maji mlangoni.*
*Ukilala, maji mlangoni.*
*Nungu, njoo mlangoni.*

"Nina nyumba kando ya bwawa," akasema. "Nipe shimo lako, nikupe nyumba yangu. Njooni muione."

Ulikuwa mwezi wa kwanza baada ya masika, bwawa limepungua, maji yamesimama mlangoni. Wakaenda. Kabla hawajaona chochote, Kenge akawaandalia viazi vitamu. Wakala.

Sasa, kule mlimani walikuwa na desturi yao: ukishakula kwa mtu, humchunguzi. Kuwauliza majirani habari zake ni kumwita mwongo na chakula chake kingali tumboni mwako. Kenge aliijua desturi hiyo kuliko wenyewe.

Mke akatazama juu ya mlango, akaona mstari wa tope kavu. "Kenge, huu mstari wa nini?"

"Urembo huo, shemeji. Ninyi wa mlimani hamjui mambo."

Njiani mke akasema, "Baba watoto, tumuulize Chura. Anakaa hapo jirani."

"Nimuulizeje, nami nimekula viazi vya mwenzangu?"

Wakaenda mara ya pili, mwezi ule ule. Kenge akawapa mahindi ya kuchemsha. Wakala. Mke akasema, "Tumuulize Korongo. Anasimama majini mwaka mzima."

"Nimuulizeje, nami nimekula mahindi ya mwenzangu?"

Wakaenda mara ya tatu, mwezi ule ule. Kenge akawapa boga na asali. Wakala. Mke akasema, "Basi tumuulize Kiboko, mwenye lango."

"Mwanamke! Asali haijakauka midomoni, unataka nikamseme mtu?"

Nungunungu akang'oa mwiba mmoja mgongoni, Kenge akatoa gamba moja, wakavifunga pamoja kwa kamba, alama ya mapatano. Wamekwisha badilishana.

Wakahamia. Mwezi wa kwanza wakaamka, maji mlangoni. Wakalala, maji mlangoni. Nungunungu akatamba, "Umeona? Nawe ulitaka kuuliza!"

Kiangazi kikaingia. Kiboko akafungua lango. Maji yakashuka, yakashuka, yakashuka, hata mbele ya nyumba yakabaki matope. Mke akajifungua mapacha, na kila siku akavuka matope kuchota, akarudi akihema.

Masika yakarudi. Kiboko akafunga lango. Maji yakapanda kizingiti. Yakapanda kitanda. Yakapanda hata yakafika kwenye mstari, sawasawa, yakatulia. Mke alitoka na mtoto mmoja mgongoni, mume na mmoja kifuani. Vingine vyote vilibaki ndani.

Wakaenda kwa Kiboko. "Mzee, maji yako yameingia kwangu!"

"Kwako wapi? Chini ya mstari ule ardhi yote ni ya bwawa. Kenge aliambiwa, Chura aliambiwa, na kila aliyeuliza aliambiwa."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuuliza. Nilikuona unapita hapa mara tatu, umeshiba."

Wakapanda mlimani, njaa inawauma, watoto wanalia. Nungunungu akaapa njia nzima: nitamwambia Kenge hivi, nitamwambia vile. Wakafika kwenye shimo la vyumba saba. Kenge akatoka, anatabasamu.

"Karibuni! Mmechoka, maskini. Kuleni kwanza."

Akaweka viazi vitamu, vinafuka moshi. Mke akasema, "Usile!" Nungunungu akawatazama watoto, akatazama viazi. Akala.

Alipomaliza akafungua kinywa aseme, maneno hayakutoka. Alikuwa amekula.

"Mimi sijala," mke akasema. "Nirudishie nyumba ya watoto wangu."

Kenge akamwonyesha gamba na mwiba, vimefungwa pamoja. "Huu mwiba ni wangu, shemeji? Muulize mwenye mgongo." Akaingia ndani. Kule ndani wakamsikia anaimba:

*Ukiamka, maji mlangoni...*

Ndiyo maana hata leo nungunungu hutembea huku na huku akitafuta mahali pa kulala.

Nanyi mnaonisikiliza, mkitaka nyumba kando ya maji ya kufungwa na kufunguliwa, iendeeni masika, iendeeni na kiangazi. Ulizeni jirani, ulizeni mwenye lango, ulizeni kila mstari umechorwa na nani. Mkishajibiwa, ndipo mle.

Hadithi yangu imefika kwenye mstari. Ikipanda, pandeni nayo. Ikishuka, niachieni tope lake.