Makande ya Pimbi na Gari Jekundu la Kiboko

Nitoe?

— Toa!

Nitoe ya kweli au ya uongo?

— Ya uongo! Ya kweli tunayo nyumbani!

Basi sogeeni, na aliye na simu aizime.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana barabara ya lami ilikuwa imeshafika, aliishi Pimbi kwenye mawe makubwa kando ya barabara kuu. Alikuwa mfupi, na alijua vizuri kwamba mitaani mtu akitaka kumtukana mfupi humwita pimbi. Hakujali. "Wao wanaitwa kwa jina langu," alisema. "Mimi siitwi kwa la kwao."

Pimbi alipika makande ya nazi na kuyauza kwenye kibanda chake hapo hapo barabarani. Maharage aliyaloweka, mahindi aliyatwanga mwenyewe. Tui la pili lilitangulia, tui la kwanza lilifuata mwishoni, na likishaingia hakuacha kukoroga hata angeitwa na nani, maana tui likiachwa lichemke lenyewe hukatika. Na yote hayo aliyapika ndani ya chungu alichoachiwa na bibi yake, cheusi tii, kilichokolea moshi mpaka ndani. Aliwahi kujaribu sufuria. Makande ya sufuria yakawa mahindi na maharage, basi.

Siku moja alikuwa anakoroga, kro kro kro, na jirani yake Kanga, muuza mayai ya kuchemsha, akaja na kigoda chake na umbea wake.

"Shoga, jana ulimwona Kiboko kwenye televisheni?"

"Nilimwona. Ametia tui la kwanza mwanzoni."

"Lakini anapika, jamani!"

"Anapika? Yule anaonja. Anayepika yuko nyuma ya pazia anaosha vyombo."

"Haya, na gari lake jipya? Jekundu, limelala chini hivi! Linakimbia mpaka upepo unaomba lifti."

"Likilala hivyo, kwenye matuta litaacha tumbo."

Kabla Kanga hajamaliza kucheka, vruuum! Vumbi, kokoto, honi, piiip! Gari jekundu likasimama mbele ya kibanda. Akatoka Kiboko, kwanza tumbo, halafu mwenyewe. Nyuma yake alitambaa Kinyonga, mpiga picha, jicho moja kwenye kamera na jingine kwa bosi wake.

"Tuko hewani?"

"Tuko hewani, bosi."

"Watazamaji wangu! Leo tuko kwa huyu mama mfupi. Mama, usiogope, naonja tu."

Akachukua kijiko. Glup. "Naonja tu." Akachukua upawa. Glup, glup. "Naonja tu." Akakiinua chungu kwa mikono miwili. Glup, glup, glup, glup! Alipokishusha, makande yalikuwa yamefika nusu, na Kanga alikuwa ameshayaficha mayai yake chini ya mabawa.

Kiboko akajifuta midomo. "Kinyonga, zima." Kamera ikazimwa. "Sikiliza, mama. Chungu hiki nakichukua. Leo jioni nitakipeleka studio, niwaambie watu kwamba ni mapishi ya bibi yangu."

"Bibi yako si aliishi mtoni, bwana mkubwa? Moto aliuwashia wapi?"

Kiboko akafungua kinywa. Pimbi akaona meno, akaona ulimi, akaona mbali kabisa mahali ambapo makande yake yalikuwa yameelekea. Kumpiga hawezi. Kumkimbiza hawezi. Na chungu kikiondoka, hatakipata kingine, kwa sababu aliyekifinyanga yuko kaburini.

"Chukua, bwana mkubwa," akasema. "Lakini kina makande ya moto, na gari lako lina kasi. Yatamwagika kwenye viti. Bora nikipakate mimi."

Kiboko akavitazama viti vyake, vyeupe kama tui. "Panda."

Wakaondoka. Vruuum!

"Kinyonga, washa! Watazamaji waone ninavyoendesha!"

"Tuko hewani, bosi."

Hawajafika mbali, likaja lori la Tembo. Lilipokaribia likawasha taa mchana kweupe, mwe! mwe!

"Mbona ananimulika huyu?" Kiboko akauliza.

Pimbi alijua. Kila anayekaa kando ya barabara anajua: dereva akikuwashia taa mchana, anakuambia kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo, punguza. Lakini Kiboko alikuwa ametoka mtoni juzi juzi tu, na mtoni hakuna atakayekupiga tochi. Pimbi akakikumbatia chungu.

"Ni shabiki wako, bwana mkubwa. Amekutambua."

"Aa! Wananipenda!" Piiip! Vruuum!

Likaja basi la Nyumbu. Mwe! Mwe!

"Na huyu?"

"Shabiki. Anasema, Kiboko, kanyaga mafuta!"

"Aa! Wananipenda!" Piiip! Vruuuum!

Akaja Ngiri na pikipiki. Mwe! Mwe! Huyu aliongeza na kiganja, akakipunga kuelekea chini, chini, chini.

"Na huyu anataka nini na mkono wake?"

"Anakuinamia kwa heshima, lakini akiinama kabisa ataanguka."

"Aa! Wananipenda sana!" Piiip! Vruuuuuum! Kibao cha hamsini kikapita kama nzi.

Kwenye kona, juu ya vichaka, ikachomoza shingo ndefu yenye kofia nyeupe. Afande Twiga. Mkononi tochi. Akanyoosha kiganja.

Skriiiiiii!

"Mia na sabini," Twiga akasema, "kwenye hamsini."

"Afande, hunijui mimi, mpishi wa televisheni?"

"Sikujui. Televisheni ya kituoni imewekwa chini, nikiitazama shingo inaniuma."

Twiga akaikunja shingo, akaingiza kichwa dirishani. Pua yake ikatua juu ya chungu. Ikabaki hapo. "Na hiki chungu cha moto ndani ya gari, ni cha nani?"

Pimbi akamnong'oneza Kiboko sikioni. "Bwana mkubwa, umesikia alivyouliza? Kasi ni kosa moja. Chungu cha moto garini ni la pili, na mwenye chungu ndiye anayelala ndani."

Jasho jekundu likamtoka Kiboko mabegani. "Si changu, afande!"

"Mbona umesema wewe ni mpishi?"

"Nani, mimi? Mimi si mpishi! Sijui hata kuchemsha maji! Chungu ni cha huyu, makande ni ya huyu, kayapika huyu! Mimi naonja tu!"

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya kamera!"

Kinyonga alikuwa amegeuka rangi zote alizozijua. "Bosi," akasema taratibu, "tuko hewani."

Twiga akamfungulia Pimbi mlango. "Mama, mwenyewe amesema, na nchi nzima imesikia. Shuka na chungu chako."

"Na lile kosa la chungu cha moto, afande?"

"Kosa gani? Mimi nilikuwa nauliza kama yanauzwa."

Kiboko akapelekwa kituoni kwa miguu, na gari lake jekundu likafuata nyuma, limefungwa kamba. Pimbi akajitwika chungu, akarudi kwake kifua mbele. Tembo akampigia honi, Nyumbu akampigia honi, na Kanga alikuwa barabarani mayai yote yamemtoka mabawani, akipiga kelele: "Nimeiona! Shoga, nimeiona yote!"

"Mapishi ya nani?" Pimbi akauliza kwa sauti, ili na wengine wasikie.

"Yako!"

"Sema tena."

"Yako, Pimbi!"

Na mimi hapo naipua. Imeiva, anayeona haijaiva aichemshe kwake.

Ngano hii inatufundisha kusema kweli siku zote. Pimbi alidanganya njia nzima, akarudi na chungu chake. Kiboko alisema kweli mara moja tu maishani mwake, na kipindi chake hakijarudi hewani mpaka leo. Kwa hiyo, watoto wazuri, semeni kweli.