Leseni ya Bi Filimbi

Chama cha riadha kilipotangaza kwamba kuanzia msimu ujao hakuna atakayeingia uwanjani na wanariadha wake bila leseni ya ukocha, makocha wengi walinung'unika, kisha wakaenda kujiandikisha. Bi Filimbi hakunung'unika. Alinywea. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amewafundisha watoto wa watu kukimbia, na wanne kati yao walikuwa wamevaa jezi ya taifa. Ukitembea hatua kumi mbele yake, alikuambia nyonga ipi inakusumbua. Lakini leseni ilitaka mafunzo ya wiki sita na mtihani wa kuandika, naye hakujua kusoma wala kuandika. Tarakimu za saa alizimudu. Herufi zilikuwa kwake kama nyayo za kuku.

Siri hiyo aliilinda kama mboni ya jicho. Darasani alijibanza safu ya nyuma. Mkufunzi, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, alipomwomba asome ukurasa, alipapasa mkoba wake na kusema, "Miwani nimeisahau nyumbani, mwanangu." Wiki ya pili miwani ilikuwa imevunjika. Wiki ya tatu ilikuwa kwa fundi.

Jioni moja ya wiki hiyo, mkimbiaji wake hodari, binti aliyebandikwa jina la Umeme, alimletea karatasi kutoka zahanati, kwa maana muundi wa mguu wa kulia ulikuwa ukimuuma. Bi Filimbi aliikunjua, akaikazia macho kwa kiasi ambacho msomaji angechukua, akaikunja.

"Umeiona, kocha?"

"Nimeiona. Kesho asubuhi kama kawaida, mizunguko minane."

Umeme alishangaa, lakini akajisemea kuwa huenda kocha anajua zaidi ya daktari. Siku ya nne, kwenye kona ya pili, alianguka pu! Hakuweza kuinuka.

Kwenye zahanati, daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga. "Mfupa una ufa. Niliandika apumzike wiki tatu, asikimbie hata hatua moja. Kocha wake hakuona?"

"Aliona," Umeme alijibu, akimtazama Bi Filimbi.

Bi Filimbi alimwegemeza Umeme begani, akamrudisha nyumbani. Kesho yake alifika darasani kabla ya wenzake, akamkuta mkufunzi akifuta ubao.

"Mwalimu, miwani sina. Sijawahi kuwa nayo. Sijui kusoma."

Mkufunzi aliweka kifutio mezani. "Mbona hukusema tangu wiki ya kwanza, mama? Kanuni zinaruhusu mtihani wa mdomo. Wenzako wawili wameshauomba."

"Aibu, mwanangu. Nilidhani mtanicheka."

"Na sasa?"

"Sasa nimemvunja mtoto wa watu mguu."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Umeme, aliyekuwa amelala mguu ukiwa juu ya mto, akamweleza yote. Machozi ya hasira yalimlengalenga binti.

"Msimu mzima umenipita kwa karatasi moja, kocha. Si ungeniambia tu nikusomee? Macho mimi ninayo."

Bi Filimbi hakujitetea. Aliomba msamaha, akakaa naye mpaka mama mtu aliporudi kutoka kazini, akamweleza naye pia.

Siku ya mtihani alikaa mbele ya watahini watatu, akajibu saa nzima bila kubabaika. Walipomuuliza kocha afanye nini mwanariadha akimletea maagizo ya daktari, alikisimulia kisa chake mwenyewe bila kujisafisha. Alifaulu. Leseni aliyopewa ilikuwa ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba ajifunze kusoma na kuandika, asije akamdhuru mwingine. Basi kila jioni alikaa na watu wazima wenzake, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, akichonga herufi. Umeme, hasira zilipopoa, ndiye aliyemsahihishia.

Msimu uliofuata Umeme alirudi uwanjani, akamaliza wa nne, mguu mzima kabisa. Na Bi Filimbi, akiwa amejua kusoma na kupewa leseni ya kudumu, alisimama kando ya njia akimpigia kelele kuliko watu wote. Miaka ishirini na mitatu ya kujifunika haikumfunza hata irabu moja; siku aliyojifunua ndiyo aliyopata wa kumsaidia. Waliosema mficha uchi hazai hawakukosea.